Kumbe aliyekuwa anaingia ni PuTTY

Kila Jumatano alfajiri Fuso linapita vijiji vya Rungwe kukusanya ndizi. Kabla halijapita, yaani Jumanne jioni, mimi natakiwa niwe nimeandika mstari mmoja kwenye tovuti ya kikundi chetu cha kuuza ndizi: kesho gari litaanzia kijiji gani, saa ngapi, na mkungu unanunuliwa bei gani. Mstari mmoja tu. Kwa miaka sita nimeuandika hapa hapa steshenari kwangu Mwanjelwa, Mbeya, mkono wa kushoto ukipokea kitambulisho cha mtu anayetaka kopi, wa kulia ukibofya kipanya.

Jumanne moja ya Januari mwaka huu nilishindwa kuuandika.

Kisa kilianza kabla ya hapo. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10, na kompyuta yangu, mtumba niliyoinunua maeneo ya Kabwe, Windows 11 ilikuwa imeshaikataa kwa sababu ya umri. Haina hiyo TPM 2.0, chipu ya usalama wanayoitaka, na prosesa yake ni ya zamani. Kununua nyingine sikuwa na uwezo. Januari ni mwezi wa ada. Nikaweka Ubuntu 24.04, mfumo wa bure wa jamii ya Linux. Na nisiseme uongo, niliipenda siku ileile. Mashine ambayo ilikuwa ikiwashwa unaweza kwenda kunywa chai na chapati ukarudi bado inazungusha kile kiduara, sasa iko tayari kabla sijamaliza kufungua pazia la duka.

Tatizo lilikuwa namna nilivyohama. Ukihama nyumba unabeba kitanda, kabati, masufuria. Misumari ya ukutani unaiacha. Halafu usiku wa kwanza kwenye nyumba mpya unavua koti, unapeleka mkono ukutani, hakuna kitu. Mimi nilibeba nyaraka, picha za harusi, risiti za karatasi, fomu zote za wateja. Misumari niliiacha.

Msumari wenyewe ulikuwa PuTTY. Kwa asiyeijua: ni programu ndogo ya bure ya kuingilia seva, yaani kompyuta ya mbali inayobeba tovuti, iliyoandikwa na Mwingereza Simon Tatham, na sisi tuliojifunza mambo ya seva tukiwa kwenye Windows wengi wetu tumepitia hapo. Unaifungua, inakupa kisanduku cha kijivu, ndani yake kuna orodha ya majina uliyohifadhi. Langu lilikuwa moja: rungwe. Nabofya mara mbili, dirisha jeusi linafunguka, niko ndani ya seva iliyo Ujerumani, naandika mstari wangu, natoka. Miaka sita.

Ndani ya hilo neno moja mlikuwa na vitu vinne: anwani ya seva, namba ya poti, jina la mtumiaji, na mahali ulipo ufunguo, faili linalonitambulisha kwa seva. PuTTY haiviweki kwenye faili utakaloliona ukalikopi. Inaviweka kwenye rejista ya Windows, ghala lake la ndani la mipangilio, na rejista niliifuta pamoja na Windows yenyewe, kwa mkono wangu, nikipiga mluzi.

Basi Jumanne hiyo, saa kumi na moja jioni, wingu limeshaufunika mlima Loleza, nikafungua terminali, dirisha la kuandikia amri. Kwenye Ubuntu huhitaji PuTTY, amri ya ssh, inayofanya kazi ileile, imo tayari. (Baadaye nimejua kwamba hata Windows 10 imekuwa nayo tangu 2018, tena nilikuwa nayo mwenyewe na sikuwahi kuigusa. Tuendelee.) Nikaandika ssh, nafasi, jina la tovuti. Nikabonyeza. Kishale kikawa kinapepesa tu. Kinapepesa. Akaja mwanafunzi anataka kurasa nane, nikamtolea, nikamrudishia chenji, nikarudi. Kwenye skrini: Connection timed out.

Kama kila Mtanzania, nikalaumu bando. Nikanunua lingine. Majibu yaleyale. Halafu nikaona kitu ambacho ningepaswa kukiona mapema: tovuti ya kikundi ilikuwa inafunguka vizuri kabisa kwenye simu yangu, na mstari wa wiki iliyopita uko palepale. Seva ilikuwa hai, ila mimi haikutaka kunijibu.

Hapa kuna jambo ambalo laiti ningelijua siku hiyo ningeokoa saa nzima. Seva inaweza kukukatalia kwa namna mbili, na hazifanani. Ukijibiwa Connection refused, maana yake umepiga hodi, mtu akatoka akakwambia hapa hakuna unayemtafuta. Ukiona timed out, umepiga hodi na hakuna hata aliyekohoa. Mara nyingi hiyo ya pili ni ukuta wa moto, ile programu ya ulinzi, umeambiwa usijibu kabisa kwenye mlango huo. Na kila seva ina milango mingi, ndiyo hizo poti, namba zinafika 65535. Kurasa za tovuti hupita 80 na 443. SSH kwa kawaida hukaa 22.

Hiyo 22 ina hadithi yake na naipenda. Mwaka 1995 mtandao wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, Ufini, uliingiliwa na mtu aliyekuwa akinyonya manywila ya watu yakipita. Enzi hizo ukiingia kwenye kompyuta ya mbali kwa telnet, nywila yako inasafiri wazi, kama barua isiyo na bahasha. Tatu Ylönen, mtafiti wa chuo hicho, akaandika programu ya kuifunga safari yote kwa siri, akaiita SSH. Telnet ilikuwa mlango 23, FTP ya kuhamishia mafaili mlango 21. Yeye akaomba 22, iliyokuwa wazi katikati ya hao wawili aliotaka kuwarithi, akapewa.

Mimi sasa, kwa ujuaji wangu wa miaka sita iliyopita, niliihamisha SSH kutoka 22. Nilisoma mahali kwamba roboti za wezi hugonga mlango huo mchana na usiku, nikaipeleka kwenye namba nyingine, na ile 22 nikaufungia ukuta. Namba yenyewe nikaikabidhi PuTTY. Nikasahau.

Nilimwuliza mke wangu, ambaye ndiye mhasibu wa steshenari, kama kauntabuku za zamani bado zipo. Akazitoa chini ya kaunta, tatu, za kwaya mbili, moja imeliwa pembe na panya. Tukafungua moja moja. Rimu za karatasi, wino, deni la mwalimu fulani, laminesheni, deni la mwalimu yuleyule. Ndani ya jalada la nyuma la ile ya kwanza kabisa, kwa penseli, kitabu kikiwa kimegeuzwa juu chini, kulikuwa na tarakimu nne. Hakuna jina, hakuna shilingi.

"Hii si ndiyo ile niliyokuuliza?" akasema. Kumbe alishaniuliza mara mbili huko nyuma ni nani tunayemdai, na mara zote mbili nilimjibu kwamba sijui, labda ameshalipa.

Nikaweka -p, ya kutaja poti, na zile tarakimu. Seva ikajibu papo hapo. Ikaniambia haiwezi kuthibitishwa kwamba ni yenyewe, ikanionyesha alama ya kidole, SHA256 na msururu wa herufi arobaini na tatu, ikauliza: unaendelea? Andika yes au no.

Kidole kilishafika kwenye y. Najua hata wewe msomaji ungeandika yes. Kwenye PuTTY swali hilohilo niliulizwa siku ya kwanza, nikabofya kukubali jinsi mtu anavyokubali masharti ya kuweka programu kwenye simu. Lakini safari hii nikasita, na sababu haikuwa hekima. Nilikuwa nimetumia kauntabuku yenye umri wa miaka sita kutafuta namba, na sikuwa na uhakika wowote kwamba nagonga nyumba yangu. Alama hiyo ndiyo sura ya seva. Kompyuta yako ikiikubali mara moja inaikariri kwenye faili liitwalo known_hosts, na siku sura ikibadilika itapiga kelele. Kompyuta mpya haijamkariri mtu yeyote. Mara hii ya kwanza, na hii tu, kazi ya kutazama sura ni yako.

Wa kumwuliza alikuwepo. Mwalimu mmoja mzaliwa wa Rungwe, anafundisha Iringa, ndiye anayetuwekea picha kwenye tovuti. Ana akaunti yake ndogo kwenye seva, haina madaraka. Nilipompigia alikuwa ndani ya basi anatoka Dar, ndiyo kwanza wanaupanda Kitonga. Akasema nimngoje afike nyumbani Kihesa.

Sikungoja. Nikaandika yes hivyohivyo? Hapana, hilo sikulifanya, ila nilifanya la kijinga kuliko hilo. Nilifungua terminali ya pili na kuanza kubahatisha jina la mtumiaji. Ukiacha kulitaja, ssh ya Linux huchukua jina ulilonalo kwenye kompyuta yako na kwenda nalo. Langu ni jina langu halisi, na seva haimjui mtu huyo. Ikanijibu Permission denied. Nikajaribu root. Permission denied. Nikajaribu admin, nikajaribu ubuntu, nikajaribu jina la kikundi. (Na ili kufika hapo, ndiyo, ile yes niliiandika kwenye dirisha la pili. Nimeona niseme kabla mwalimu hajasema.) Uzuri na ubaya wa SSH ni kwamba haikwambii umekosea wapi. Jina likiwa si lenyewe, au ufunguo ukiwa si wenyewe, jibu ni moja. Ikimwambia mwenye nyumba itakuwa imemwambia na mwizi.

Baada ya jaribio la sita au la saba hata hicho kibali cha kunikatalia kikaondoka: Connection refused. Nilikuwa nimefungiwa. Na aliyeweka fail2ban, yule askari anayewafungia wanaokosea mara nyingi, ni mimi mwenyewe, mwaka ule ule wa ujuaji. Dakika kumi za adhabu. Mvua ikaanza.

Mwalimu alinipigia saa mbili na nusu usiku. Mvua ya Mbeya juu ya bati unaijua; tulikuwa tunaongea kama watu wawili walio ng'ambo mbili za mto.

"Kamwene, kaka!"

"Kamwene, mwalimu. Umeingia?"

"Nimeingia. Nisome?"

Nilimpa amri ya kuandika, ssh-keygen -lf na njia ya faili la ufunguo wa hadhara wa seva ndani ya /etc/ssh, faili ambalo hata asiye na madaraka anaruhusiwa kulisoma. Akasoma alama ya kidole herufi moja moja. "Q kubwa. Saba. J ndogo, ya Joni. Alama ya kujumlisha." Mimi nafuata kwa kalamu kwenye skrini. Kwenye herufi ya kumi na moja tukagombana: yeye anasema ni sifuri, mimi naona O ya ovyo. Akakuza maandishi. Ikawa ni O. Tulifika ya arobaini na tatu nikiwa nimeshika pumzi, kana kwamba isingefanana ningekuwa na la kufanya. Ilifanana yote.

"Sasa andika ls /home," nikamwambia.

Kimya. Halafu akacheka hadi nikaisikia juu ya mvua. "Kuna mimi hapa, na kuna mtu anaitwa mkungu."

Mkungu. Niliunda akaunti hiyo siku kikundi kilipopata mnunuzi wa kwanza wa jumla, nikajiona nimetunga. Miaka sita PuTTY imekuwa ikiingia kwa jina hilo kwa niaba yangu na sikuwahi kuliona hata mara moja, ingawa ukweli ni kwamba liko mwanzoni mwa kila mstari wa lile dirisha jeusi. Macho yangu yalishazoea kuanzia kwenye kishale.

Ukabaki ufunguo. Huo, kwa bahati ya Mungu, ulikuwa kwenye folda ya nyaraka, nimeubeba kwenye flashi bila kujua nimebeba nini. Nikauelekeza kwa ssh -i. Kwanza ikalalamika kwa herufi kubwa kwamba faili liko wazi mno, watu wengine wanaweza kulisoma, kwa hiyo inakataa kulitumia. Dawa yake inajulikana, chmod 600, faili lisomwe na mwenyewe tu. Nikaitoa amri, hakuna kilichobadilika. Nikaitoa tena kwa sudo, yaani kwa madaraka ya juu, kana kwamba kupaza sauti kunasaidia. Flashi nyingi zimepangwa kwa mtindo wa FAT, na FAT haijui habari za nani anaruhusiwa nini. Unaiamuru kitu isichonacho. Lazima ufunguo uuhamishie ndani ya kompyuta, kwenye folda ya .ssh, ndipo chmod ifanye kazi.

Nikahamisha. Sasa ikasema imeshindwa kuupakia ufunguo huo. Nikainama nikacheka peke yangu, mke wangu akauliza kama ni salama. Jina la faili liliishia na .ppk. Hilo ni umbo la PuTTY peke yake, SSH ya Linux hailisomi. Ufunguo ni uleule, namba zilezile, ila umefungwa kwa kitambaa cha watu wengine. Kuufungua unahitaji kifurushi kiitwacho putty-tools, halafu mstari huu:

puttygen ufunguo.ppk -O private-openssh -o ~/.ssh/rungwe

Ile O ya kwanza ni kubwa, ya pili ndogo. Usiniulize nimejuaje kwamba zikibadilishana haifanyi kazi. Na kama ppk yako iliundwa na PuTTY ya karibuni, kuanzia toleo 0.75 la 2021, puttygen ya zamani itakwambia hailijui toleo hilo la faili, weka mpya.

Saa tatu na dakika kadhaa usiku: mkungu@, jina la seva, kishale. Nikakitazama kwa muda. Mwalimu bado alikuwa hewani, nikamwambia nimeingia, akasema hongera kaka, mimi nalala, kesho nina kipindi cha kwanza.

Mstari wa Fuso niliuandika, lakini haukutokea kwenye tovuti. Hii nitaieleza haraka kwa sababu inaudhi zaidi ya inavyofundisha: ile hati ndogo inayochapisha bei niliipandisha upya kutoka kwenye nakala yangu ya zamani, niliyoihariri kwa Notepad, na Windows humalizia kila mstari kwa alama mbili pale Linux inapotumia moja. Seva ikaenda kutafuta programu yenye jina la bash likiwa na mkia wa ^M, ikasema hakuna kitu kama hicho. Nikapitisha dos2unix, ikanyooka.

Kabla sijalala nikafanya kitu kimoja cha maana. Ule ufunguo wa zamani haukuwa na nywila hata kidogo. Aliyeokota flashi yangu kwenye daladala ya Uyole angekuwa ameokota na seva. Nikaunda mpya, wa aina ya ed25519, nikaupa nywila ndefu, nikapeleka nusu yake ya hadhara kwenye seva, nikafungua dirisha jipya kuujaribu huku lile la kwanza nimeliacha wazi. Usilifunge la kwanza. Kama umekosea, hilo ndilo dirisha pekee utakaloweza kurudia ndani. Ulipokubali, nikaufuta ule wa zamani.

Halafu nikaandika misumari yangu. Kwenye Linux ni faili la maandishi tu, config, ndani ya .ssh: Host rungwe, chini yake anwani, User mkungu, Port, na njia ya ufunguo. Mistari mitano ninayoweza kuisoma. Nikaitoa kopi kwa printa ya duka, nikaibandika kwa gundi ndani ya kauntabuku ya mwaka huu, jalada la nyuma, ikiwa imenyooka. Mke wangu akaandika pembeni yake kwa kalamu nyekundu: SI DENI.

Asubuhi saa kumi na mbili simu ikaita. Mama katibu wa kikundi, yuko Tukuyu, nyuma yake nasikia injini ya Fuso inanguruma na watu wanabishana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeiweka bei usiku, nimeiona. Ndaga fijo."

"Asante mama. Kulikuwa na shida kidogo ya kompyuta."

"Ee. Sasa huyu wa gari amefika anasema imepanda mia tano. Wa kijiji cha pili wasije wakauza kwa ile ya jana. Unaweza kuibadilisha sasa hivi, au mpaka ufike dukani?"

Nilikuwa bado kitandani, kompyuta iko juu ya stuli. Nikaivuta, nikafungua terminali, nikaandika ssh rungwe.